Kata Moja, Vinywa Saba

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu bado umelala juu ya migomba ya Kwa Sadala. Yuditha anakoroga mbege, pombe ya ndizi, kwenye pipa. Mama yake, Aikande, mwenye pombe, amekaa kwenye kigoda hatua kumi mbali naye, khanga imemfunika pua na mdomo. Yeye anakoroga kwa maneno tu.

"Zungusha mwiko, mwanangu, usiubembeleze. Hiyo ni pombe, siyo mtoto mchanga."

Aikande ana miaka hamsini na mitatu, na kumi na tisa kati ya hiyo amepika mbege. Leo ameamka na mafua. Kwa mtu mwingine, mafua ni kitambaa na chai ya tangawizi. Kwake ni sababu ya kukaa mbali na bintiye.

Mafua makali yalipopita hapa mwishoni mwa 1968, aliamka hivihivi, pua inachuruzika. Ilikuwa siku ya soko. Desturi ya huku ni kwamba mpika pombe huonja kwanza mbele ya watu, wajue haina sumu, kisha kata ya kibuyu huzunguka benchi zima. Aikande alionja. Akampa mumewe, Ebenezeri, naye akapitisha. Vinywa saba, kata moja.

Kabla wiki haijaisha, wanne kati yao walikuwa kitandani. Wawili hawakuinuka. Ebenezeri alikuwa mmoja wao.

Sasa homa ile imerudi. Bwana afya Basili amepita kila kilabu akiwa na balozi wa nyumba kumi, akihimiza kila mnywaji awe na chombo chake, na mwenye kukohoa abaki nyumbani. Vilabu vingi vilimwitikia vizuri, vikamsindikiza hadi barabarani, vikaendelea kama kawaida.

Aikande alitii. Kutoka madebe manne kila siku ya soko, sasa anauza mawili, na nusu ya hayo huishia kwa nguruwe. "Nguruwe wangu wananenepa," anasema. "Wao hawaniulizi kwa nini sionji."

Saa nne, wateja wanafika. Mzee Eliufoo, aliyeugua mwaka ule akapona, anaketi mbele.

"Shikamoo, mzee," Yuditha anamwamkia.

"Marahaba. Mama yako mbona amejificha kama bibi harusi? Mama Yuditha, njoo uonje!"

"Sionji leo. Na kila mtu anywe kwa kata yake."

"Tangu lini mbege ikanywewa mmojammoja? Hiyo ni dawa ya kikohozi! Au umetuwekea kitu?"

Benchi zima linamgeukia Aikande. Sumu, hata ikitajwa kwa utani, inaweza kufunga kilabu. Yuditha anaacha kuchota. Aikande anasimama palepale alipo.

"Ndiyo, niliwahi kuwawekea kitu," anasema. "Mwaka ule. Nilikuwa na mafua, nikaonja, nikampa Ebenezeri. Nilionja ili muone hamtakufa."

Maneno hayo hajawahi kumwambia mtu, hata bintiye. Yuditha anauacha mwiko ndani ya pipa, anaanza kumfuata. Mama yake anamzuia kwa kiganja. "Usinikaribie. Ndiyo maana nasema."

Baadaye Basili atamweleza kwamba hakuna ajuaye nani alimwambukiza nani. Huenda hata Ebenezeri ndiye aliyeanza. Aikande atamshukuru kwa heshima, wala hatapata nafuu.

Mzee Eliufoo anainuka, anaondoka bila kuaga. Wengine wanatazamana, wawili wanashika kofia zao. Aikande anaketi, anamwambia Yuditha awaandalie nguruwe ndoo.

Kabla ndoo haijajaa, mzee anarudi. Mkononi ana kata kuukuu yenye ufa, bado ina unyoya.

"Ya kuku," anasema. "Nimeiosha. Kidogo. Nijazie, mwanangu."

Kando ya uzio wa kihamba chake, shamba la migomba na kahawa, Aikande amepanda mashina sita ya vibuyu. Vikikauka atavikata kata arobaini, kila moja aichome alama ya mwenyewe kwa chuma cha moto. Misumari ameshaipigilia ukutani. Kwenye wa kwanza inaning'inia kata ile ya vinywa saba. Haijateka pombe tangu mazishi.

"Nikipona nitaonja tena mbele yao," anasema ndani ya khanga. "Kwa kata yangu. Nikimaliza, nitaitundika karibu na hiyo aliyonywea Ebenezeri. Karibu tu. Zisigusane."