Kukimbia Mbele ya Mama Mkwe

Mwaka wa kwanza niliingia uwanjani nimekaa. Wenzangu waliingia wakikimbia, wengine wakichechemea. Mimi niliingia juu ya lori la kazini, kwenye ubao, katikati ya wazee wawili na karani mmoja aliyekuwa akitapika, bendi ya chama ikitupigia muziki na uwanja mzima ukitushangilia kwa dhihaka. Watoto wangu walikuwa jukwaani na mama yao. Yule mkubwa, binti wa miaka saba, alijifunika uso kwa mikono miwili.

Yalikuwa mashindano ya nusu marathoni, kilomita ishirini na moja, ya sisi wafanyakazi wa shaba, kila mwaka siku ya sikukuu. Siku zile shaba ilikuwa ya taifa, koti lisilo na tai lilikuwa vazi la mtu mwenye adabu, na bosi na mfagiaji waliitana "citoyen", yaani raia. Tulianzia lango la kiwanda, tukatoka kwa barabara ya Kipushi, tukageuka, tukarudi kupitia mtaa wa Katuba hadi uwanjani mjini. Nyuma yetu lilitembea lori. Aliyefikiwa na lori alipanda, hakuna mjadala, kwa sababu barabara ilitakiwa kufunguliwa.

Kusema kweli sikuwa mzembe kiasi cha kufikiwa na lori. Nilifikiwa kwa sababu ya mama mkwe.

Mimi ni mtu wa kaskazini ya Katanga, mke wangu ni wa Pweto. Kwetu na kwao, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawaongei ana kwa ana. Wakikutana njiani, mwanamume ndiye anayeacha njia, anaingia majanini na kungoja mama apite. Si chuki, wala si woga. Ni heshima, na mtu aliyelelewa vizuri haulizi maswali. Na hapo nazungumzia mwanamume aliyevaa suruali. Mwanamume wa kaputula, mapaja nje mbele ya mama aliyemzaa mke wake, huyo sijui nimwiteje.

Sasa siku ile, nikiwa Katuba, nimechoka lakini miguu bado inakubali, nikamwona mama mkwe kando ya barabara. Alikuwa amefika kutoka Pweto na vikapu vyake vya samaki wakavu, akasimama kuangalia wakimbiaji kama watu wote. Sikufikiri hata kidogo. Miguu niponye! Nikaruka ndani ya ua wa watu nisiowajua na kujibanza nyuma ya jiko.

Mama mwenye nyumba alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alisimamisha mchi.

"Baba, nani anakufukuza?"

"Hakuna mutu, mama. Mukwe wangu eko pale barabarani."

"Aa," akasema. "Basi ngoja."

Akanipa kigoda, akaenda mlangoni kuchungulia kwa niaba yangu. Mara kwa mara aligeuka na kuniambia, "Eko pale tu. Angali pale." Nami nikakaa pale na namba yangu kifuani, nikiwasikia wenzangu wakipita, mpaka nikasikia mngurumo wa lori.

Karakana nzima ilinipa jina: citoyen abiria. Nilivumilia. Ajabu ni kwamba watu wa kwetu walicheka lori, lakini kuhusu kujificha hawakucheka hata kidogo. Wangefanya vilevile. Kilichoniuma ni binti yangu, ambaye darasani walimwimbia wimbo wa lori wiki nzima. Jioni moja aliniuliza, bila hasira, kama mtu anayeuliza kama kesho kutanyesha:

"Baba, mwaka ule mwingine utapanda tena?"

Nikamwambia nitaingia kwa miguu yangu. Nilimwapia. Na mimi nina hasira za karibu na kiburi kidogo, nikiapa basi maji yamekwisha kumwagika.

Nikapiga hesabu yangu. Mama mkwe huja mjini kila mwaka na samaki wake, na sikukuu haikwepeki. Kumpita haiwezekani. Basi dawa ni moja: nikimbie kwa kasi kiasi kwamba hata nikijificha, nipate muda wa kukaa kwenye kigoda, kumshukuru mwenye nyumba, kutoka, na bado lori lisinione. Mke wangu aliponisikia alicheka mpaka akashika tumbo, na tumbo lenyewe lilikuwa na mtoto wa tano ndani.

Muda wa mazoezi sikuwa nao. Kulikuwa na zamu za kiwandani, Jumamosi kulikuwa na salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka majani na kuzibua mifereji kwa ajili ya taifa, na nyumbani watoto wanne ambao hawakukubali kuugua siku moja. Kila mmoja alichagua wiki yake. Kwa hiyo nilizikimbia shughuli zenyewe. Nilikimbia kwenda kazini, viatu vya kazi vyenye ncha za chuma vikining'inia shingoni. Nilikimbia zahanati na mtoto mgongoni, amefungwa kwa kitenge cha mama yake, majirani wakitoka nje kuona kioja. Nilikimbia kununua unga wa bukari, ugali wetu, na kurudi nao begani, na mfuko ukinipasukia njiani nikawa mweupe kama mwashi. Mke wangu alisema, "Haraka haraka haina baraka." Nikamjibu kwamba baraka nitaitafuta baada ya sikukuu.

Mtoto alipozaliwa, mama mkwe akaja kukaa kwetu kumsaidia mwanawe.

Nyumba ya kambi ya wafanyakazi ni vyumba viwili na sebule. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yeye alilichukua jembe mwenyewe siku ya kwanza na kulima mchicha nyuma ya nyumba. Tuliishi kwa kukohoa. Nilikohoa kabla ya kuingia, naye alikohoa kabla ya kutoka. Tulipokuwa na neno, binti yangu alisimama mlangoni kati yetu.

"Ambia baba yako, chumvi imeisha."

"Baba, bibi anasema chumvi imeisha."

"Mwambie bibi nitaleta."

Nilikuwa nasikia kila kitu, naye alikuwa ananisikia, lakini neno lilipita kwa mtoto, na ndivyo lilivyokuwa zuri.

Kaputula ndiyo iliyoleta shida. Alfajiri mama mkwe alikuwa wa kwanza kuamka na kufagia uwanja. Nikaanza kutoka nimevaa suruali juu ya kaputula, nikifika kwenye kichuguu nyuma ya kambi naivua, naificha, nakimbia, narudi kuivaa. Mpango ulikuwa mzuri mpaka asubuhi moja nilipokuta kichuguu kipo na suruali haipo. Nilizunguka kile kichuguu nikitukana kwa lugha zote ninazozijua. Jua likachomoza. Zamu ikakaribia. Uwanjani kwangu nilisikia ufagio, shwa, shwa, na mimi niko nyuma ya ukuta wa jirani, mtu mzima, baba wa watoto watano. Mwishowe jirani alinionea huruma na kunitupia kitenge cha mkewe chenye picha ya Rais. Niliingia kwangu nimejifunga Mkuu wa Nchi kiunoni, nikikohoa kama mgonjwa wa kifua.

Mama mkwe alikuwa amekwisha kugeukia ukuta. Lakini jioni alimwuliza mwanawe kwa sauti ya chini, nami nilikuwa chumbani nasikia:

"Huyu bwana yako, asubuhi yote anakimbia. Nani anamufukuza? Iko deni?"

Mke wangu akamweleza. Alimweleza mashindano, lori, bendi, wimbo wa darasani. Halafu akanyamaza kidogo, na mimi kitandani nikaomba Mungu asiendelee. Akaendelea. Alimwambia na habari ya Katuba na kigoda.  Nilimsikia tu mama mkwe akiomba apewe mtoto ambebe.

Kuanzia kesho yake mambo yalibadilika, na hakuna aliyeyazungumzia. Alfajiri, ufagio ulihamia nyuma ya nyumba, na mama mkwe akawa anaimba nyimbo za kanisani kwa nguvu, ili nijue yuko wapi na nitoke kwa mlango wa mbele bila kuhangaika na suruali. Sauti yake ilikuwa mbaya, sitamficha mtu, na majirani walilalamika. Nikirudi, nilikuta bakuli limefunikwa kwa sahani: viazi vitamu na karanga zilizosagwa, au kipande cha samaki wa Pweto, kile cha mgongo ambacho mtu hununua kwa wageni. Nikiuliza, binti yangu alisema, "Bibi anasema ni cha mutu anakimbia." Mimi niliyemkimbia mama huyu miaka yote ya ndoa yangu, nikaanza kumpenda kwa kupitia bakuli. Miguu nayo ikawa myepesi. Barabara ya Kipushi, iliyokuwa ikinipokea nikihema, nikaanza kuipanda nikipiga mluzi.

Usiku wa kuamkia sikukuu nilimwomba mke wangu jambo moja: mama abaki nyumbani.

"Mama ni mutu muzima," akasema. "Nimufunge kamba?"

Asubuhi tulipoondoka langoni, nilijikaza kisabuni. Nusu ya kwanza nilikwenda vizuri kuliko nilivyowahi kwenda. Wakati wa kugeuka lori hata halikuonekana. Lakini tulipoingia Katuba nikaharibika. Umati ulikuwa pande zote mbili, na kila mama aliyejifunga kitenge alikuwa yeye. Kila kilemba kilinishtua. Nilikuwa nikipunguza mwendo, nachungulia, naenda, nasita tena, na watu niliokuwa nimewaacha mbali wakaanza kunipita. Mara nikasikia ule mngurumo nyuma. Haukuwa karibu, lakini ulikuwepo. Nikajiambia, imekwisha, nitapanda tena, na mtoto wangu atajifunika uso tena.

Ndipo nikaona mgongo.

Barabara nzima ilikuwa nyuso, midomo wazi, mikono juu. Katikati ya nyuso hizo kulikuwa na mgongo mmoja. Mama amesimama wima, kitenge amejitanda kichwani, uso umeelekea ukuta wa duka lililofungwa. Watu walimsukuma, mmoja akamvuta bega kumwonyesha kwamba mashindano yako upande huu, naye hakugeuka. Kando yake, akiwa ameshika mkono wake na kutazama barabarani, alisimama binti yangu, ambaye nilidhani yuko jukwaani na wadogo zake.

"Bibi! Baba njo huyu, anakuya!"

"Lori iko wapi?" mama mkwe akauliza ukuta.

"Iko mbali!"

"Ambia baba yako apite. Njia ni yake."

Binti yangu alinipigia kelele maneno hayo, ingawa nilikuwa nimekwisha kuyasikia. Nikapita. Nilipita kwa kaputula katikati ya barabara, karibu kiasi cha kuona kwamba mabega ya mama yule yalikuwa yanatetemeka, na sikuacha njia. Baada ya hapo sikuchungulia mtu tena. Nilikimbia kama ng'ombe aliyefunguliwa, niliwapita walionipita, na uwanjani niliingia kwa miguu yangu, katikati ya kundi, si wa kwanza wala wa karibu na wa kwanza. Bendi ilikuwa imepumzika kunywa maji. Hakuna aliyenishangilia ila mke wangu, na yeye alishangilia kwa niaba ya kambi nzima.

Nilipofika nyumbani nilivaa suruali, nikakaa kwenye ngazi ya mlango. Mama mkwe alikuwa ndani, nyuma ya pazia, akimbembeleza mtoto mchanga. Binti yangu alikaa mlangoni mahali pake. Alinisimulia kwamba walikuwa wamesimama pale tangu asubuhi, kabla wakimbiaji hawajatokea, na kwamba alimwuliza bibi kwa nini wasibaki nyumbani tu. Bibi alimjibu kwamba wakibaki nyumbani, baba atamwogopa kila mama wa barabarani. Afadhali amwone mahali alipo, ajue hatazamwi.

 Nilitaka kumshukuru na sikujua kwa neno gani, maana neno la kumshukuru mtu kwa kutokutazama sikufundishwa.

"Mwulize bibi," nikasema mwishowe, "kama hakuona kitu, ameenda Katuba kupata nini?"

Pazia halikutikisika. Sauti ikatoka taratibu, ili isimwamshe mtoto.

"Ambia baba yako: bantu balikuwa benyi, miguu ilipita mingi. Ya kwake niliijua."

Binti yangu akafungua mdomo kunirudishia neno hilo, akaniona machozi yakinitoka, akanyamaza. Nilimvuta karibu nikamnong'oneza sikioni kwamba hili asimpelekee bibi, kwamba baba analia.

"Baba," akasema, "bibi anasikia."