Kanga Juu ya Miguu ya Paris

Shemeji yangu, mume wa dada, aliinunua picha ile Kenton, hapa hapa London, kwa bei aliyotajiwa. Hakuomba hata apunguziwe. Mtu wa hivyo simtumi vitunguu. Akaibandika sebuleni kwa gundi, kubwa kama mlango: wanawake wa Paris wa zaidi ya miaka mia iliyopita, wamerusha miguu juu, sketi zimefunuka, na mzee wa kofia ndefu anawakodolea macho. Nilihesabu wanawake watano, miguu tisa. Nikarudia. Tisa.

"Sanaa hiyo, shemeji," akaniambia.

"Tangazo la kilabu cha pombe hilo. Na wewe umelipa ili uwatangazie bure."

Jumapili ikafika posa ya mpwa wangu. Wazazi wa kijana, Wapemba, walikuwa wameshateremka stesheni ya Kingsbury ndipo dada alipokumbuka ukuta. Mpwa wangu, ambaye Kiswahili anakisikia lakini hakijibu, alikuwa keshaanza kulia kwa Kiingereza. Alimtaka kijana yule kweli. Picha haikubanduka, kwenye gundi shemeji hakufanya ubahili. Dada akachomoa kanga kabatini, tukaifunika picha kwa pini nane.

Hakuna aliyeisoma.

Mama wa kijana akaingia, akasalimia, akakaa mkabala na ukuta. Nikaona midomo yake inacheza: anasoma jina la kanga. Maneno yenyewe yalikuwa ya kumsuta mtu anayezunguka nyumba za watu akitafuta asichopewa kwao. Kikombe akakirudisha kwenye sahani.

"Hii mmenitundikia mie?"

"Hapana, bibi, ni... pambo," dada akasema.

"Pambo! Nimekuja na adabu zangu kumposea mwanangu, nasutwa na ukuta?" Akamgeukia mumewe. "Chukua koti lako."

Mpwa wangu akatoka jikoni mbio, akaing'oa kanga. Miguu yote ikawa hadharani. Shemeji akainama kuzitazama biskuti.

"Tulikuwa tunaficha hii, mama," binti akasema, kwa Kiswahili cha kuchechemea. "Si wewe. Hii ya baba."

Bibi akaitazama picha, halafu akamtazama shemeji, kwa dharau niliyoiheshimu.

"Kumbe upuuzi tu," akasema. "Kaa, mume wangu."

Posa ikaendelea, kwa sharti moja: harusi isifanywe nyumba hii. Dada akakubali upesi. Shemeji akafungua mdomo kutetea sanaa yake, nikamkanyaga.