Dawa Nyuma ya Goli

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, katika uwanja mmoja pembezoni mwa Columbus, nilipogonga nguzo ya goli mara tatu katika mchezo mmoja. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, naishi Beechmont, kusini mwa Louisville, nafunga maboksi katika ghala. Shule niliiacha mapema kwa sababu ya mpira, na mpira wenyewe haukunipa kitu ila magoti mabovu. Nakueleza hayo ili ujue kwamba anayesema nawe si mwalimu. Ni mtu aliyehama miji mingi akiuliza maswali.

Timu yetu ilikuwa ya Wakongo wa Louisville, na siku hiyo tulicheza na Wakongo wa Columbus. Mshindi angekwenda kucheza fainali Buffalo. Kwa wenzangu Buffalo ulikuwa mji tu. Kwangu mimi ndiko alikokuwa mama. Makaratasi ya ukimbizi yalitutenganisha, yeye akapelekwa kule, mimi huku. Tena hakuwahi kunitazama nikicheza hata siku moja, maana kwake mpira ndio mwizi aliyeniiba shuleni. Safari hii alikuwa amelainika. Aliomba ruhusa kazini, katika nyumba ya wazee anaowahudumia, akaniambia kwa simu: "Mukifika fainali, nitakuja kusimama pale pembeni nikuone." Basi fainali ile niliitaka kuliko kitu chochote.

Kabla ya mchezo kila timu ilishikana mikono ikasali. Sisi tuliomba ushindi, nao waliomba ushindi, kwa Kiswahili kile kile. Siku hizi huwa nawaza kazi aliyokuwa nayo Mungu asubuhi ile.

Golikipa wao aliitwa Bahati. Si ajabu, kwetu Kivu watoto wengi hupewa jina hilo. Alikuwa kijana mwembamba, mpole, wala hakuwa hodari sana. Shuti langu la kwanza lilimpita, likagonga nguzo. La pili, nguzo. Mashabiki wao wakaimba "Bahati! Bahati!" nami nikasikia kama wananisimanga. Kipindi cha pili nikapiga kichwa, golikipa keshalala chini, mpira ukagonga nguzo tena ukarudi uwanjani. Mama mmoja mwenye kitenge akapaza sauti: "Weye! Hiyo nguzo ilishashiba, sasa pasia wenzako!" Watu wakacheka hadi wakashikana mabega.

Wazee husema hasira hasara. Ni kweli, lakini mimi nimegundua kwamba kabla haijawa hasara, hasira huanza kwa kutafuta sababu, na haikosi kuipata. Safari, winga wetu, alinisogelea akaninong'oneza: "Mukubwa, ule golikipa iko na dawa. Angalia kale kafuko ku nyavu."

Nikatazama. Kweli, chini, penye nguzo, kifuko cha kitambaa cheusi kilikuwa kimefungwa kwenye wavu. Sisi tulikulia mahali ambapo timu hufukia vitu golini, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa. Sikuuliza pia. Mpira ulipotoka, na Bahati akawa amekwenda kubishana na refa, nilikifungua kifuko kile kutoka kwenye wavu nikakirusha ng'ambo ya uzio, kwenye majani marefu. Moyo wangu ukatulia kama wa mtu aliyetenda haki.

Hazikupita dakika kumi. Nilipokea mpira, nikainua macho, nikamwona golikipa ametupa mgongo, amepiga magoti, anapapasa wavu kwa mikono miwili. Goli lilikuwa wazi. Nikapiga taratibu, mpira ukaingia. Refa akakubali. Wenzangu wakanirukia hadi nikaanguka, na chini ya mzigo wao nikawaza: mnaona? Dawa imeondoka.

Tulipoinuka, Bahati alikuwa bado chini. Kifua chake kilipiga mluzi na midomo ilikuwa imebadilika rangi. Beki wao mmoja alikuwa akipiga kelele: "Dawa yake iko wapi? Iko na pumu! Dawa yake ilikuwa hapa!"

Neno lile lile, mwanangu.

Nilikimbia. Niliruka uzio nikatambaa kwenye majani, natafuta kitu cheusi penye kivuli, na sijui nilichukua muda gani, maana muda wa namna ile haupimwi kwa saa. Nikakipata. Ndani mlikuwa na kile kichupa cha kupuliza mdomoni. Nikampelekea Bahati, akavuta mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Gari la wagonjwa lilipofika, alikuwa amekaa, anapumua.

Kocha wetu tulimwita Papa Furaha, kwa jina la binti yake. Hakupaza sauti.

"Nani alitupa?"

"Ni miye, Papa."

"Juu ya nini?"

"Nilifikiri ni dawa."

"Bon, sawa. Na ilikuwa dawa. Kwa hiyo weye ulikosa mara tatu, ukaona mutu mwingine ndiye iko na makosa. Asiyejua kucheza husema uwanja mbovu. Weye unajua kucheza, na ulisema vilevile. Twende, utamwambia refa mwenyewe."

Refa hakujua Kiswahili na Kiingereza changu kilikuwa kidogo, kwa hiyo ilibidi nikiri mara mbili. Papa Furaha akawaachia Columbus mchezo. Safari alilia. Wengine hawakusema nami hadi tunafika Louisville. Bahati aliniita kabla hatujapanda magari, akasema, "Kaka, miye sikukukatalia goli. Ni nguzo ilikukatalia." Nilishindwa kucheka. Niliirudia nguzo ile nikaipima kwa mkono: ina upana wa kiganja na kidole gumba. Basi.

Njiani nilimpigia mama. Nilimweleza yote, hata lile nililowaza chini ya wenzangu. Nikangojea maneno niliyoyajua, ya shule na ya mwizi.

"Huyo mutoto wa watu anapumua?"

"Anapumua, mama."

"Basi kuja. Ruhusa nilishaomba."

Mwanangu, nimeishi miji yote mitatu, na sasa niko huku West Side ya Buffalo, nawatazama mkirudi kutoka uwanjani mmevimba mashavu. Sitakwambia bahati haipo. Ipo, na siku nyingine itakuwa upande wa asiyestahili, nawe huna la kufanya. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini anayekubali kushindwa na mtu, akakataa kushindwa na nguzo, huyo naye hajaukubali mchezo. Mpira ukikukatalia, usitafute wa kumlaumu siku hiyo hiyo. Na ukiona kifuko cha mwenzako, muulize kwanza ni cha nini. Swali halichukui hata muda wa kupiga kona.

Mungu akujalie mashuti yanayoingia. Yasipoingia, akupe ulimi mzito na mikono iliyotulia. Pumzi yako isikatike, wala pumzi ya mtu isikatike kwa ajili yako.