Majani Aliyoyaonea Huruma

Kazi yake ilikuwa kufagia soko la samaki, lakini watu walimwita Mama Majani. Kila maji yalipokupwa sana, aliegemeza ufagio kwenye mlango wa chumba cha mizani, akapandisha gauni hadi magotini, akaingia topeni kupanda nyasi za baharini, zile ndefu kama mikanda, wanamojificha samaki wadogo. Alifunga kila kipande cha mzizi kwenye jiwe, akakizika kwa mkono. Miaka sita.

"Wifi, hata kaka yangu hukumbembeleza hivyo," dada wa marehemu mumewe alimtania.

"Kaka yako alikuwa na miguu. Angetaka kubembelezwa angekuja."

Sasa magoti yalikuwa yamegoma. Kuinama aliweza; kuinuka ndiyo ilikuwa shughuli. Nusu ya ghuba ilikuwa kijani, nusu bado mchanga mtupu, na mizizi ilitambaa kiganja kimoja tu kwa mwaka. Tumaini lililobaki lilikuwa mbegu. Tunda likipasuka, mbegu huelea saa chache, mkondo huzichukua, kisha huzama na kushika ardhi mahali papya.

"Nimeyalea," alikuwa akisema, "sasa yajizalie yenyewe."

Majani yalitoa maua miaka mitatu mfululizo. Tunda hakuliona hata moja.

Alimwomba binti wa chuo, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akija sokoni, aende akatazame. Waliingia asubuhi, maji yakiwa chini kabisa. Juu ya maji zilielea chembe nyeupe zisizohesabika, kama sabuni iliyokunwa.

"Haya ni maua dume, mama. Hukatika kule chini, yakapanda juu, yakatembea kumtafuta jike. Ua jike huwa linayangoja juu ya maji. Likiyapata, linayafumbata."

"Basi wachumba si haba."

Binti alicheka, akaanza kupekua mashina, moja baada ya jingine. Alipekua muda mrefu. Kicheko kikamwisha.

"Mama, vipande vya kupanda ulivitoa wapi?"

"Pale kwenye mkono wa ghuba, kabla hawajapafukia kwa mchanga uliochimbwa bandarini."

"Ulichaguaje?"

"Nilichukua yasiyo na matunda. Yenye matunda niliyaacha. Utamng'oaje mwenye mimba, binti yangu?"

Binti aliinamisha uso. "Nyasi hizi, mmea mmoja huwa dume, mwingine jike. Yale yenye matunda ndiyo yalikuwa majike."

Mama Majani alitazama mkono wa ghuba. Palikuwa na kilima cha mchanga, na juu yake ghala lenye uzio.

"Hakuna jike popote?"

"Karibu hapa sijaliona. Nitaandika barua chuoni."

"Andika," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa njoo kesho mara nyingi.

Maji yakaanza kutembea. Maua yakapita kati ya miguu yake yakielekea bahari kuu. Akatandaza viganja ayazuie. Yakagawanyika, yakamzunguka, yakaendelea kuelea makavu.

Wifi yake alikuwa amesimama ufukweni, mikono kinywani, anapiga kelele kwa furaha:

"Wifi! Vipi, yamezaa?"

Mama Majani aliupa ufukwe mgongo.

"Mwambie wewe," akamwambia binti.