Kuku wa Arubaini

Mume wangu aliniuliza kama najenga banda la kuku au benki. Nilikuwa nimepiga magoti uani, hapa kwetu Timbwani, nachimba mtaro wa kufukia waya, jasho likiniingia machoni. Kicheche akishindwa na waya mnene huchimba chini yake. Kwa hiyo nilizamisha waya ardhini, nikaukunja kwa nje, nikaupangia mawe ya kuchonga juu. Bado sikuridhika. Kila nikiondoka nilirudi kuutikisa.

Kila mtu nyumbani alijua kuku wale ni wa nini, na hakuna aliyethubutu kusema. Kwetu mwanamke aliyejifungua hukaa ndani siku arubaini, akanywa supu ya kuku yenye pilipili manga mpaka nguvu zimrudie. Binti yangu alikuwa na mimba ya miezi saba, amekuja kujifungulia kwangu. Mara ya kwanza miezi ilifika hiyo hiyo, akazaa mtoto asiye na uhai. Wakati ule kuku nilikuwa nao tayari, nikiwaonyesha wageni kwa maringo. Baada ya kumzika mtoto hakuna aliyekuwa na moyo wa kufunga mlango wa banda, na kicheche akawamaliza wote. Wahenga walisema usikate kanzu kabla mwana hajazaliwa. Mimi kanzu sikukata, nilifuga kuku tu, lakini moyo uliniambia ni mamoja.

Safari hii nilipoulizwa nilisema nataka mayai. Uongo gani huo, na nusu yao wanawika!

Sikukaa, sikutulia. Nilibadilisha komeo, nikaongeza la pili. Kunguru wakitua ukutani niliwatupia kandambili. Nikakumbuka nyoka, nikaziba kila tundu, kisha nikaokota mabati ya zamani nikazungushia pande tatu. Nisipokuwa bandani nilikuwa mlangoni kwa binti yangu. Usiinue ndoo hiyo. Usiende sokoni. Usivuke feri, watu wanasukumana kule. Hata barazani jioni nilimkatalia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami nilikuwa nimeumwa.

Mchana mmoja wa kaskazi, jua likiwa utosini, nilimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya banda. Kuku walikuwa wamekunjua mbawa, midomo wazi, wanahema. Nilikuwa nimefunga vizuri hata upepo haukupata pa kupita.

"Mama," akasema bila kugeuka, "wataka kuwapika wangali hai?"

"Kicheche, mwanangu..."

"Kicheche hana habari nao. Wafa kwa joto hawa. Na mimi pia, Mama. Wallahi wanifungia hata pumzi sipati."

Nilikasirika. Nilitaka kumwambia hajui ninavyoogopa. Kisha nikauona mkono wake juu ya tumbo, vidole vimekakamaa, nikaelewa kwamba anaogopa kunishinda. Mimi angalau nilikuwa na banda la kuhangaika nalo. Yeye nilimwachia kitanda na dari.

Nikachukua nyundo, nikang'oa mabati yote. Pande zote nikaacha waya mtupu, ule mnene wa matundu madogo, na upepo wa bahari ukapita. Mabati niliyapandisha paani, juu yake nikatandika makuti ili jua lisiyachome. Binti yangu alinishikia misumari, nami sikumwambia aketi, ingawa ulimi uliniwasha. Jioni alijitanda leso akaenda zake sokoni. Nilibaki uani nikitikisa waya mpaka aliporudi.

Miezi tisa ilipotimia, uchungu ulimshika asubuhi. Tuktuk ikaja mpaka mlangoni, baba yake akamsaidia kupanda. Mimi nilikuwa nazunguka ndani, nimeshika leso mkononi na bado naitafuta leso. Nilipotoka nilimkuta ametoa kichwa nje, uso umelowa jasho, anaelekeza kidole uani.

"Mama, yule jogoo mwekundu. Nitaanza na yule."

Jambo ambalo nyumba nzima tuliliogopa, amelisema kwa sauti, hata dereva akasikia. Nikasema inshallah, nikapanda, nikamshika mkono njia nzima.

Banda langu halikuingiliwa na kitu. Leo ni tupu, kuku tumewala wote, na jogoo mwekundu ndiye aliyetangulia. Mume wangu husema benki imefilisika. Makomeo yote mawili yako wazi, na kwenye waya nimeanika nepi. Bado siwezi kupita bila kuutikisa.