Motokari za Papa Zilipigiwa Vigelegele, Nikanyamaza

Kosa ni langu. Naanza na hilo. Musitafute fundi mwizi ndani ya habari hii, hayuko. Musitafute mukwe mubaya, naye hayuko. Mwizi njo mimi, na nilichoiba ni motokari mbili za baba yangu mwenyewe. Niliziiba kwa kufunga mudomo!

Jina langu muliache. Niko muntu wa Kalemie, nafanya kazi kwenye biro ndogo kule bandarini, watu wananijua. Aibu niliyo nayo inanitosha.

Papa alikuwa na motokari mbili za zamani. Moja ni Pejo 404 nyeupe, nyingine ni Landrova fupi ya rangi ya majani. Landrova alibebea samaki wakavu mpaka Manono, wakati barabara ilikuwa bado barabara. Pejo alimuolea mama yangu. Alimupeleka kanisani ndani yake siku ya ndoa, na siku tulipomuzika alimupeleka makaburini ndani yake vilevile.

Baadaye vitesi za Pejo, zile gia, zikakataa kuingia, Landrova nayo ikalala. Zikakaa zote mbili chini ya mabati ndani ya parseli yetu, kiwanja cha nyumba. Kila asubuhi, kabla ya chai, Papa alikuwa anazipanguza vumbi. Sisi watoto wake tulikuwa tunamucheka. Muzee na wagonjwa wake!

Alikuwa na sheria moja tu: motokari haiendi kwa fundi, fundi njo anakuja kwa motokari. Fundi akifungua, Papa anavuta kiti, anakaa pale pale, anaangalia kila bulo, kila parafujo, inayotoka mpaka inarudi pahali pake. Hata kukojoa haendi. "Chombo ukikiacha kwa muntu," alikuwa anasema, "utakuta kimekuwa cha muntu."

Basi kaka yake akaanguka mugonjwa kule Niemba. Papa akaenda kumuuguza na kuangalia mashamba. Nyumba akaniachia mimi na muke wangu, Mama Fifi. Kabla ya kupanda pikipiki akanishika mukono: "Ukipata fundi, aje hapa. Motokari zisitoke ndani ya parseli." Nikajibu, "Ndiyo, Papa." Ndiyo ya mudomoni tu.

Sasa musikilize ujinga wangu.

Baba ya muke wangu ni fundi wa motokari. Garaji yake iko nyuma ya nyumba yake. Na mimi, miaka yote hiyo, sikuwa nimemaliza mali ya kuoa. Tumeishi na Mama Fifi, tumezaa, na kwa wakwe bado nilikuwa "yule wa mali nusu." Kukiwa kilio kwao, naonyeshwa benchi ya nje. Shangazi zake wananisalimu na ncha za vidole, kama vile nina upele. Iliniuma, ndugu zangu. Iliniuma mpaka usingizi ulikataa.

Nikajikaza. Nikapata mbuzi, vitenge, chumvi, jembe, koti ya baba mukwe, kila kitu walichotaka. Siku ya kupeleka, nikakusanya vijana wa kusukuma vitu. Nikawaangalia vile mikono yao ilikuwa mingi, nikawaza: hawa hawa wasukume na motokari, mukwe azitengeneze, Papa akirudi azikute zinaunguruma. Atafurahi!

Hiyo njo sababu niliyojipa. Ya kweli ilikuwa nyingine. Nilitaka wale shangazi wazione. Nilitaka wajue mutoto wao analala kwenye nyumba ya motokari mbili.

Tukatoka. Mbuzi mbele, dada zangu na vitenge kichwani, na nyuma Pejo na Landrova zinasukumwa pole pole. Watu wanatoka milangoni kuangalia. Ayi, kifua changu siku ile! Kilitaka kupasua shati.

Kwa wakwe, musemaji alikuwa mujomba wa muke wangu, muntu mwenye boti inayokwenda Moba na kurudi. Akasimama mbele ya watu, akataja kitu kimoja kimoja: mbuzi, vitenge, chumvi, jembe, koti. Halafu akafika kwa motokari. Akazizunguka. Akaniangalia, akaangalia watu, akapaza sauti: "Na motokari mbili! Jamani, huyu mukwe ametuheshimu!"

Vigelegele! Yule shangazi mukali kuliko wote akavua kitenge chake cha juu, akakitandika chini nikanyage. Mimi! Yule wa mali nusu!

Ni pale pale ningesema. Maneno yalikuwa tayari kwenye ulimi: "Hapana mujomba, hizi ni za Papa, nimezileta kutengenezwa." Maneno madogo hivyo. Lakini nikaona watacheka. Nikaona wale shangazi watakunja kitenge chao. Nikanyamaza, nikakanyaga.

Watu wanasema mudomo uliponza kichwa. Wangu uliniponza kwa kufungwa.

Nikajidanganya kwamba nitamueleza baba mukwe baadaye, sisi wawili tu. Sisi wawili wapi? Kwetu muntu hamuulizi baba mukwe mambo uso kwa uso kama anaulizia kiatu kwa fundi viatu. Unatuma muntu, na muntu huyo ningemutuma aseme nini? Halafu ile garaji iko nyuma, karibu na jiko la mama mukwe. Muguu wa mume wa binti haufiki pale, ni mwiko kabisa. Kwa hiyo nilikuwa nimeacha motokari za baba yangu pahali ambapo hata kuzichungulia siwezi. Na nilizipeleka mwenyewe!

Mama Fifi alirudi nyumbani anaimba. Hakujua kitu, alifikiri Papa amezitoa kwa roho nzuri. "Nimupigie Papa simu nimushukuru," akasema. Nikamurukia: "Wacha! Papa hapendi kushukuriwa kwa simu. Akirudi utamushukuru." Akaamini. Maskini, akaamini.

Sasa, mali ya ndoa kwetu hailali pahali pamoja. Ikifika, ukoo unagawana. Baba mukwe hakuficha kitu, alifanya vile desturi inasema. Moteri ya Pejo ikaenda kwa mujomba, akaifunga ndani ya boti yake. Viti vya nyuma vikaenda kwa shangazi, akavipanga saluni kwake, wageni wanakalia. Landrova ikapelekwa kwa ndugu zao wa Nyunzu, nao wakaifungua wakagawana wenyewe kwa wenyewe. Hayo yote niliyasikia kwa midomo ya watu, nimekaa biro, nachekacheka.

Siku moja boti ikaingia bandarini, nikasikia ile moteri. Nimekulia ndani ya ile sauti, ningeijua hata katikati ya soko. Nikafunga dirisha.

Papa alikuwa anapiga simu kutoka Niemba.

"Motokari zangu ziko namna gani?"

"Fundi anazitengeneza, Papa."

"Anakuja asubuhi ao jioni?"

"Anakuja tu, Papa. Muntu wa bidii."

"Umupe chai," Papa akasema. "Fundi hafanyi kazi vizuri bila chai."

Niliweka simu chini nikatukana. Nilijitukana mimi.

Kaka yake akapona, Papa akarudi. Alishuka kwenye pikipiki, hakuingia hata ndani. Akaenda moja kwa moja chini ya yale mabati. Hakuna kitu. Majani yameanza kuota pale magurudumu yalipokuwa. Nikamuambia ziko garaji kwa baba mukwe. Akaniangalia muda murefu, akafungua mufuko wake, akatoa shati safi. "Nipeleke," akasema.

Njiani nilitaka kusema. Naapa, nilitaka! Kila kona nasema, hii njo kona nitasema. Tukafika.

Baba mukwe alipomuona Papa alisimama, akamushika mikono yote miwili. "Mukwe mwenzangu! Wengine wanatuletea mbuzi mukonde, wanaona wametoa. Wewe umetoa motokari! Mbili! Hapa kwetu jina lako halitapotea."

Nikaangalia chini. Nilingoja Papa apasuke. Papa yangu ana hasira, muulize watu wote wa avenyu yetu. Lakini aliketi tu. Wakaleta kuku, na firigisi wakamuwekea juu, kama inavyotakiwa kwa mugeni wa heshima. Hakuishika mara moja. Aligeuza shingo akaangalia nje, pale Mama Fifi, aliyekwenda kwao siku ile kusaidia kazi, alikuwa anatwanga pondu, majani ya mihogo, na mama yake, wanacheka mambo yao. Akawaangalia, akawaangalia. Halafu akachukua firigisi, akala. Akasema, "Aksanti sana, mukwe."

Kurudi nyumbani hakufungua mudomo. Kesho yake hakufungua mudomo. Hakunywa chai.

Na mimi mupumbafu nikaona ule unyamavu ni hasira. Nikajiambia: huyu muzee atakufa na hii roho mubaya juu yangu, nitazirudisha hata kwa mapigano!

Nikaenda ufukweni kwa mujomba. Boti yake ilikuwa inashusha mifuko ya mihogo. Sikutuma muntu, sikusalimu vizuri. Nikasema mbele ya mabaharia wake wote: "Mujomba, ile moteri ni ya baba yangu. Naitaka."

Akacheka, alifikiri ni utani. "Mali inarudi, mukwe?"

"Si mali! Sikuzitoa! Nilizileta kutengenezwa!"

Akaacha kucheka. Akapangusa mikono kwenye suruali yake, pole pole. "Siku ile nilikuangalia usoni kabla sijasema," akaniambia. "Nilikuangalia mimi mwenyewe. Ukanyamaza. Sasa unatuita wezi mbele ya watu?"

"Nataka motokari za Papa!"

"Sawa. Utazipata. Lakini kwetu mali haitembei peke yake. Ikirudi kwako, mutoto wetu naye anarudi kwetu."

Hapo ningepiga magoti, ningeomba musamaha, bado ilikuwa inawezekana. Mujomba si muntu wa roho mubaya. Lakini mabaharia walikuwa wanaangalia, na damu ilikuwa imepanda. Munajua nilijibu nini?

"Arudi basi!"

Nilisema hivyo. Juu ya muke wangu, mama ya watoto wangu, muntu aliyekula nami mihogo mikavu wakati sina kitu. Arudi basi! Haya maneno yananiamsha mpaka leo.

Ukoo wao haukuchelewa. Waliniletea kile kilichobaki: bodi ya Pejo, bila moteri, bila viti, bila milango ya nyuma, juu ya mukokoteni. Landrova wakasema haipatikani tena hata kwa dawa, na mimi nilijua ni kweli. Mukokoteni ukaingia kwenye parseli, na kwa mulango ule ule, saa ile ile, shangazi wawili wakatoka wamebeba godoro la Mama Fifi na masufuria yake.

Yeye alikuja nyuma na watoto. Hakulia. Mimi njo nililia. Akasimama mbele yangu. "Kila siku nilimuombea Papa baraka juu ya zile motokari," akasema. "Kila siku. Na wewe ulikuwa unanisikia." Akamubeba mutoto mudogo mugongoni, akaenda.

Papa akatoka ndani aliposikia kelele. Akaona ile bodi. Akaona godoro linakata kona.

"Wanaenda wapi?" akauliza.

Nikamueleza. Nikamuambia, "Papa, nimepigana mpaka nimekurudishia Pejo."

Wapendwa, sijawahi kuona Papa yangu vile. "Nani alikutuma?" akasema. "Nani? Mimi nilikuambia zirudi? Firigisi yao nilikula mbele ya macho yako! Muntu anakula firigisi ya wakwe kisha anadai? Siku ile nilizitoa. Nilizitoa kwa mudomo wangu, ili yule mutoto wa watu abaki hapa kwangu, na wewe uongo wako ufunikwe. Mama yako angefanya vile vile. Na wewe umeenda kufunua!"

Akageukia ile bodi.

"Ungeniuliza," akasema. "Tulikuwa nyumba moja. Ungeniuliza tu."

Sasa niko hapa. Nimetuma wasemaji kwa wakwe, wanarudi wamepewa maji ya kunywa na hakuna jibu. Papa anaenda kule mwenyewe kila juma, wanamupokea vizuri, wajukuu wanamupandia magotini. Mimi siruhusiwi. Anaporudi namuuliza, "Mama Fifi amesema nini juu yangu?" Ananiambia, "Hajakuuliza." Bodi iko pale chini ya mabati. Hakuna anayeipanguza.

Wewe unayesoma, kama uko na kitu cha muntu mikononi, na watu wanakushukuru juu yake, sema leo si chako. Sema wakiwa bado wamesimama. Usingoje kona nyingine, hakuna kona nyingine! Na kama umekosea mukubwa wako, usikimbie kutengeneza unavyowaza wewe. Keti naye, muulize anataka nini.

Siku ile wangenicheka. Wangecheka mpaka jioni, shangazi wangekunja kitenge chao, ningerudi kwenye benchi yangu ya nje. Na Mama Fifi angekuja kukaa nami pale, kwa sababu alikuwa anakuja kila mara.