Mgeni wa Chumba cha Seva

Sikuwa nimelewa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu huniuliza kwanza. Ilikuwa sikukuu, kweli, lakini tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa chai tu, homa sikuwa nayo, na usiku wa kuamkia siku hiyo nililala vizuri. Yaliyonipata yalinipata nikiwa na akili zangu, katika chuo ninachofanyia kazi mpaka leo, upande wa Engutoto, siku moja baada ya Krismasi.

Unaijua Arusha wakati wa Krismasi? Wachaga wanakwenda Moshi, Wameru wanapanda mlimani kwa wazazi wao, hata muuza vocha anafunga kibanda. Mji unabaki na sisi tusio na pa kwenda. Mimi ni mtu wa Songea, wazazi wangu walishatangulia. Mke wangu alikuwa ameondoka na binti yetu, wako Mwanza, na simu zetu zilikuwa zimefikia kuwa za ada ya shule tu. Nilipanga chumba kimoja mtaa wa Sokon One. Siku ya Krismasi nilipika wali wa watu watatu, kwa mazoea, nikaula mpaka kesho yake.

Kwa hiyo mkuu wa idara alipouliza nani atabaki kuhamisha mashine wakati wa likizo, nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza.

Kazi yenyewe nikueleze kidogo. Chuoni tuna seva, kompyuta kubwa iliyo kwenye chumba chenye baridi. Ndani yake kuna programu inayobeba kompyuta nyingine nyingi zisizo na umbo. Tunaziita mashine pepe. Moja inatunza barua pepe, nyingine maktaba, nyingine matokeo ya wanafunzi, na kila moja inajiona iko peke yake duniani. Programu ile iliyokuwa ikizibeba ilikuwa imepanda bei mno, uongozi ukaamua zote zihamie kwenye programu nyingine. Unaizima mashine, unainakili, unaiamsha upande wa pili, unaikagua. Zilikuwa tisa.

Nane zilihama bila shida. Ya tisa ilikuwa ya matokeo ya miaka ya nyuma. Niliizima, nikainakili, nikaiamsha. Ikaniomba neno la siri. Nikarudi kuiamsha kule ilikotoka, nako ikaomba neno lile lile. Ndipo nikaelewa nilichokifanya. Diski yake ilikuwa imefungwa kwa neno la siri, na tangu ifungwe haikuwa imezimwa hata mara moja, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuulizwa. Nakala zetu za akiba nazo zilikuwa zimefungwa vivyo hivyo. Maelfu ya watu waliosoma pale, matokeo yao nilikuwa nimeyafungia ndani kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikampigia mkuu wa idara, akiwa kwao Moshi. Akasema ile mashine iliwekwa na marehemu, na marehemu aliondoka na funguo zake. Marehemu ni fundi aliyekuwapo kabla yangu. Ofisini walimwita hivyo tu, marehemu, na kila kilichoharibika walisema ni yeye. Jina lake sikuwahi kuambiwa, na niseme ukweli, sikuwahi kuuliza.

Yapata saa kumi na mbili jioni, nje mvua nyepesi, nilikuwa nimejiinamia mezani mle kwenye chumba cha seva, nikifikiria barua ya kuacha kazi. Nikasikia, "Pole na kazi."

Alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, na sweta la kijivu. Nilidhani ni mmoja wa mafundi umeme wa chuo. Nilifurahi kuona mtu, niamini, nikamwambia karibu. Akakaa kwenye kiti cha pembeni. Akauliza mbona sijaenda nyumbani sikukuu yote hii.

Swali hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikaanza kujibu kwa mkato, nikajikuta nimemweleza yote. Nilimweleza habari za mke wangu, za binti yangu anayenijibu "ndiyo baba, hapana baba," na za wali wa watu watatu. Alisikiliza bila kunikatiza, bila kutazama saa. Kisha nikamweleza habari za mashine.

Akasogea, akaniomba nimpishe. Akaandika neno la siri refu sana, polepole, kama mtu anayeandika barua. Mimi niliona vidoti tu. Akabonyeza, na mashine ikafunguka.

"Toa vyote vilivyomo sasa hivi," akasema. "Usiifunge tena."

Nikamuuliza yeye ni nani. Akasema anaitwa Elirehema, alikuwa katika chumba hiki kabla yangu. Kichwa changu kilikuwa kwenye yale mafaili, sikuunganisha chochote. Nikamwambia sijui nimshukuru vipi.

"Nenda Nduruma kwa mama yangu," akasema. "Mwambie sikuondoka na kitu cha watu. Neno la siri niliandika kwenye daftari nikalikabidhi. Hawakulisoma."

"Kwa nini usimwambie mwenyewe?"

"Sifiki."

Nikadhani wamegombana, mambo ya familia. Akanielekeza nyumba, karibu na mfereji, nyuma ya ghala la mahindi. Akaniaga, akatoka. Mimi nikabaki nahamisha mafaili mpaka la mwisho.

Nilipogeuka kuchukua koti ndipo nilipokiona kile kiti cha pembeni. Juu yake kulikuwa na boksi la diski mbovu. Nililiweka pale mwenyewe tangu asubuhi, kwa kukosa nafasi. Lilikuwa palepale, limekijaza kiti chote. Sasa niambie, yule mtu alikaa wapi?

Nilishuka ngazi sijui vipi. Getini alikuwapo Mzee Lomayani, mlinzi wetu, amejifunika shuka. Nikamuuliza aliyetoka ameelekea wapi. Akasema geti hajalifungua tangu nilipoingia mimi. Nikamtajia jina. Mzee hakucheka. Akasema Elirehema ndiye huyo mnayemwita marehemu, na yeye mwenyewe Lomayani alikuwapo kwenye mazishi, miaka minne iliyopita.

"Kama amekutuma, nenda," akasema. "Ila nenda mchana."

Nilikwenda kesho yake. Nyumba niliikuta kama nilivyoelekezwa. Mama alikuwa anachambua maharage barazani, peke yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, akanipa kigoda. Nikaufikisha ujumbe. Nilikuwa nimepanga kusema nimetoka chuoni, kwamba daftari limeonekana, kwamba mwanaye hakuwa na kosa. Ningesema hivyo na kuishia hapo. Lakini nilikuwa sijalala, na kile kitu kilikuwa kinanilemea. Nikamwambia nilimwona.

Mama hakulia. Aliweka ungo chini.

"Alikaa sana?" akauliza.

"Kama saa moja hivi, mama."

"Mlizungumza?"

Nikasema ndiyo, tulizungumza. Akatazama kaburi, liko pale pale shambani, kati ya migomba.

"Kwangu hajawahi kuja," akasema. "Miaka minne sifungi mlango wa uani. Kwako wewe, hata hakujui, amekaa saa nzima."

Ungemjibu nini? Nilimwambia alisema hafiki. Akaniuliza anazuiwa na nani. Sikujua. Akaniuliza mwanaye alimtaja yeye vipi, kwa jina gani, sauti yake ilikuwaje, kama alikuwa amekonda vile vile. Nilijibu nilichoweza, na nikaona macho yake yanataka zaidi.

Tangu siku hiyo kila sikukuu naenda Nduruma. Mama ananipikia, ananikalisha, ananiambia, haya, nisimulie tena. Nami nasimulia. Mwaka wa kwanza nilisema kama ilivyokuwa. Mwaka wa pili niliongeza kwamba alitabasamu alipomtaja mama yake. Sasa nimeshasema aliulizia ng'ombe, aliulizia goti la mama, alisema atakuja. Mungu anisamehe. Mlango wa uani bado haufungwi, na nauacha wazi mimi kwa maneno yangu. Na kule chuoni, sikukuu zikifika, najitolea kubaki. Nikitoka Nduruma nakaa kwenye kile chumba mpaka giza linaingia, kiti cha pembeni nimekiondolea kila kitu. Hajarudi.

Wewe unayenisikiliza, kama siku moja aliyekufa atakutuma kwa watu wake, ufikishe ujumbe. Usikatae, ni deni. Lakini usije ukawaambia kwamba ulimwona.